Magadi ya Mama Meno

Mganga hajigangi, walisema wahenga, ila hawakutuambia kwamba mganga huyo anaweza kupelekwa mbali na kwao akachekwe na watu asiowajua. Hilo Nanyaro alijifunza mwenyewe kule Nyakisasa, wilaya ya Ngara, miaka ile kambi za wakimbizi zilipokuwa zimefurika na malori ya mahindi ya msaada hayaachi vumbi la barabarani likatulia.

Alikuwa mwanamke tabibu wa meno. Mradi mmoja uliokuwa ukihudumia kambini na vijiji vya jirani ulimchukua kutoka Arusha, ukampa kiti cha kukunja, koleo za kung'olea, sindano za ganzi na chumba kimoja cha zahanati chenye dirisha lisilofungika. Alikuwa na kazi mbili: kung'oa meno yaliyooza, na kuwafundisha watu wayatunze yaliyobaki. Ya kwanza aliiweza barabara. Ya pili ndiyo iliyotaka kumpasua kichwa, maana huwezi kumfundisha mtu habari za meno umefunga mdomo, na Nanyaro akiufungua wake tu, somo limekwisha.

Meno yake yalikuwa ya kahawia. Haukuwa uchafu, wala tumbaku. Alizaliwa Maji ya Chai, chini ya Mlima Meru, mahali ambako maji ya kunywa yana madini ya floraidi kupita kiasi, na mtoto akilelewa kwa maji yale, meno yake ya ukubwani huota na madoa na vishimo vidogo vidogo, mengine rangi ya chai, mengine rangi ya kutu. Kwao hakuna anayemshangaa mwenzake kwa hilo. Lakini siku alipotoka kwenda kusoma, bweni zima lilimtazama mdomo kabla ya kumtazama usoni, na tangu hapo akazoea kucheka na kuongea mkono ukiwa mdomoni. Aliyasugua kwa majivu, akayasugua kwa ndimu, akayasugua kwa mchanga mpaka fizi zikatoka damu. Hayakutakata. Akaenda kusomea meno, pengine kwa hasira tu, na huko chuoni akaambiwa kwa lugha ya kitabu jambo ambalo mchanga ulikuwa umeshamwambia: doa lile haliko juu ya jino, limo ndani yake.

Sasa tazama vituko vya dunia. Nyakisasa mambo yalikuwa kinyume kabisa. Chemchemi za kule zilitoa maji baridi, matamu, safi kama machozi, na floraidi ndani yake karibu hakuna. Watoto waliota meno meupe ya kupendeza, lakini jino lililokosa madini hayo halina ubishi mbele ya sukari. Zamani halikuwa jambo kubwa, kwa kuwa sukari ilikuwa kitu cha Krismasi na cha mgonjwa. Kambi zilipokuja, sukari ikaja nazo: sukari ya mgawo, biskuti, peremende, uji mtamu wa unga wa msaada, na soko la kambini likawa kubwa kuliko la mjini. Haikupita miaka mingi vijana wenye nguvu zao wakaanza kuja zahanati na mashavu yamevimba, wamejifunga vitambaa kichwani kama waliofiwa.

Watu walitafuta mchawi. Wapo waliosema ni dawa inayotiwa kwenye matangi ya maji ya kambini. Wengine, wale wenye roho mbaya, walisema wakimbizi wamekuja na mdudu wa meno. Nanyaro alisema ni sukari, jamani, sukari na maji yasiyo na floraidi, na kwamba kupiga mswaki kwa dawa yenye floraidi kungewasaidia sana. Baadhi wakadhani anasema madini joto, yale ya chumvi ya kuzuia rovu, ikabidi aanze upya. Walimsikiliza kwa adabu, wakamtazama meno, wakaangaliana. Akamsikia mmoja akiuliza kwa Kihangaza, lugha ya pale ambayo alishaanza kuielewa, kama hiyo dawa anayoisifu ndiyo iliyomfanya vile.

Aliyemtesa zaidi alikuwa mwenye nyumba wake, Bibi Eustakia, mjane mwenye sauti yake kigangoni, aliyebakiwa na meno ya kuhesabika lakini ulimi haukupungua hata chembe. Bibi huyu alimpenda Nanyaro, tusimsingizie. Alimpikia, alimwombea kwenye rozari, alimwita Nanyalo na akakataa katakata kusahihishwa. Ila akimwona uani anapiga mswaki, lazima amwambie asugue tu mwanangu, iko siku yatasikia. Mtoto wa bibi, Telesfori, alikuwa amemwoa mkimbizi kutoka Burundi aitwaye Nahimana, nao walikaa nyumba ya pili ya ua huo huo pamoja na binti yao mchanga, Irakoze.

Nahimana ndiye aliyemfanya Nanyaro asifunge mizigo mapema. Alikuwa msichana bado, na tayari Nanyaro alishamng'oa meno ya nyuma karibu yote. Hakuwahi kupiga kelele kitini, hata ganzi ilipokuwa imekwisha na dawa haijaletwa. Siku alipong'olewa jino la mbele alijitazama kwenye kioo kidogo, akamgeuza Irakoze kutoka mgongoni akamtazama naye, kijino chake cha kwanza ndiyo kwanza kinachungulia, akasema neno moja tu: huyu yasimpate haya. Nanyaro akaahidi. Aliahidi kwa moyo wake wote, kwani mtoto alikuwa mmoja, uani pale pale, mbele ya macho yake kila siku. Kama asingeweza kuuokoa hata mdomo ule mmoja, alikuwa amekuja Ngara kufanya nini?

Basi Jumapili moja baada ya misa katekista akampa nafasi aseme na waumini kabla hawajatawanyika. Nanyaro akasimama mbele ya kigango, mkono mdomoni, akaanza habari ya mswaki. Hakufika mbali. Kutoka benchi la mbele Bibi Eustakia alikohoa, akasema kwa sauti ya upole ambayo kila mtu aliisikia kwamba nyani haoni kundule. Watu walicheka mpaka wengine wakajifuta machozi kwa vitenge. Walicheka wazee, wakacheka watoto, na katekista naye akageukia ukutani mabega yakimtikisika.

Damu ilimchemka Nanyaro. Mlangoni palikuwa na gunia la mahindi ya njano ya msaada yaliyotolewa sadaka, yale yaliyokaa ghalani mpaka yakawa kokoto, ambayo akina mama waliyalaani kila siku kwa jinsi yalivyowamalizia kuni. Akachota konzi moja, akautoa mkono mdomoni, akayatia yote, akayatafuna makavu. Kra, kra, kra. Akameza. Akachota konzi ya pili. Kigango kikanyamaza kabisa, zikawa zinasikika punje tu zinavyosagika. Alipomaliza akaenda moja kwa moja mpaka kwa Bibi Eustakia, akapiga magoti mbele yake, akaachama na kumwomba atafute tundu. Bibi akaingiza kidole. Akapapasa huku na huku, juu na chini, hakuacha jino. Akakitoa, akakifuta kwenye kitenge, akawageukia watu.

"Ni mawe," akatangaza.

Hapo ndipo mtu wa nyuma alipouliza: meno hayo yalilishwa nini? Na Nanyaro, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kutazamwa mdomo kwa kuonewa wivu, akalewa sifa. Alisema ukweli, tena mtupu. Kwetu, akasema, floraidi imo kwenye maji, imo na kwenye magadi, haya haya mnayolainishia maharage, na mama yangu hakuwahi kupika kande bila magadi. Akasema, lakini. Na hiyo lakini yake aliieleza vizuri: kiasi kidogo huimarisha jino, na wapo wanaosema hata mfupa, ikizidi, jino linakuwa kama hili langu, na kwetu wapo ambao mifupa iliwapinda. Akairudia mara ya pili kwa sauti kubwa zaidi. Lakini nani alikuwa anamsikiliza? Watu walishageukiana, na Bibi Eustakia alikuwa anamweleza jirani yake kwamba kumbe ndiyo maana nyonga za wazee wa hapa zinavunjika kama mabua.

Wiki zilizofuata zilikuwa tamu. Waliomcheka sasa walimwita Mama Meno, wakamwamkia kutoka mbali, wakamletea ndizi. Nanyaro akadhani mswaki umeingia kijijini. Akaandika barua kwa dada yake kwamba hatimaye watu wa huku wamemwelewa. Maskini.

Alikuja kujua siku ya maharage. Bibi Eustakia alimpakulia sahani, naye kwa tonge la kwanza tu akaisikia ladha ya utotoni, ile ya sabuni sabuni inayoteleza kooni. Chai nayo ilikuwa vivyo hivyo, imekoza rangi isiyo ya majani. Akauliza. Bibi akajibu kwa fahari kwamba ni dawa yake mwenyewe, kwani kasahau? Kila nyumba sasa inatia: kwenye maharage, kwenye chai, na kwa watoto wachanga kwenye uji, maana samaki mkunje angali mbichi. Irakoze alikuwa mkekani, kikombe cha uji mikononi, shavu limejaa. Nanyaro alikipokonya kikombe kile, akabeba na chungu, akaenda kuvimwaga vyote migombani. Mtoto akalia, bibi akanuna, na siku ile Mama Meno alilala na njaa kwa haki kabisa.

Alieleza tena. Alieleza uani, alieleza zahanati, alieleza kisimani, na kila alikoeleza ilikuwa kutwanga maji kwenye kinu. Wengine walimwambia kwa upole wanaelewa, ni siri ya kwao na hataki isambae. Mama mmoja alimnong'oneza asihofu, hatamwambia mtu kipimo.

Akaambiwa magadi yote yanatoka kwa Kazimili, Msukuma mmoja muuzaji wa gulio la Nyakahura, upande wa Biharamulo, penye barabara kuu. Nanyaro akaomba lifti kwenye gari la mradi, akaenda akiwa amekunja uso njia nzima. Hakuhangaika kumtafuta. Alimsikia kabla hajamwona, amepanga mabonge yake meupe juu ya gunia kati ya wauza ndala na wauza dagaa, anaita wateja kwa nyimbo: Magadi ya Mama Meno, jino chuma, mfupa chuma, anayebisha akamwulize mwenyewe!

Nanyaro akamwambia mwenyewe ndiye huyu. Ebo, furaha aliyoipata Kazimili! Alimkalisha kwenye kigoda chake, akamfungia bonge kubwa zaidi kwenye gazeti na kukataa kabisa kusikia habari ya malipo. Nanyaro akamwambia aache kulitumia jina lake, kwamba anawaharibu watoto wa watu. Kazimili hakukasirika. Alisema yeye anauza magadi, dada, na magadi yaliuzwa hapa kabla wao wawili hawajazaliwa; mteja akifika kwake akayatia kwenye chungu gani, yeye atamfuata? Ndipo Nanyaro alipoona heri aseme na wateja wenyewe. Akasimama juu ya kigoda. Akautoa mkono mdomoni ili asikike vizuri, akapaza sauti: wasikilize, magadi haya yakizidi yanamharibu mtoto, wamtazame yeye, wayatazame meno yake!

Wakayatazama. Wakasogea wayatazame kwa karibu, na aliyekuwa hajaamini kwamba Mama Meno yupo, sasa akaamini. Kadiri alivyosema ndivyo walivyozidi kujaa, na kadiri walivyojaa ndivyo Kazimili alivyozidi kufunga mabonge kwenye magazeti, mpaka gunia likabaki tupu. Nanyaro alishuka kwenye kigoda machozi ya hasira yamemjaa. Wakati wa kuondoka, Kazimili alimwuliza kwa heshima zote kama anaweza kuja tena wiki ijayo.

Akaenda kwa wakubwa wa mradi. Wakamsikiliza dakika chache, wakasema magadi si kazi ya mradi, na wakampa mabango mapya ya kubandika zahanati. Juu ya mabango hayo palikuwa na mwanamke anacheka, meno meupe pe, mtu ambaye hajawahi kuumwa wala kuchekwa. Nanyaro aliyaviringisha akayaweka nyuma ya mlango. Akabaki na mdomo mmoja wa kupigania, ule alioahidi.

Alimkuta Nahimana shambani anapalilia migomba, Irakoze ameketi kivulini anachezea ganda la ndizi. Nanyaro akakaa chini, juu ya majani makavu, akamweleza yote bila mkono mdomoni. Alimweleza habari za bweni, na za mchanga, na za kijana mmoja aliyempenda kwa barua mpaka walipoonana. Kisha akamweleza jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu yeyote wa Ngara: kaka yake, mzaliwa wa kwanza kwao, miguu yake ilikuwa imepinda kama upinde tangu utotoni, na alipokuwa kijana mwenye umri wa kuoa alitembelea fimbo, na watoto wa njiani walimwimbia. Maji na magadi ndivyo vilivyomfanya vile. Mswaki na dawa vinatosha, akamsihi, mimi mwenyewe nitakuwa nakuletea.

Nahimana alisikiliza huku jembe limesimama. Alimtazama mtoto wake miguu kwa muda. Kisha akasema dawa ya mswaki ni nzuri, naye anaitumia, lakini ni ya siku mradi upo, na mradi ukiondoka itaondoka nao kama ilivyoondoka ganzi. Magadi yapo siku zote.

"Nahimana, nakuomba. Hujui ninachokwambia."

"Dada," Nahimana akasema, "wewe jino limewahi kukuuma?"

Nanyaro akatikisa kichwa. Halikuwahi. Alikuwa ameng'oa meno ya watu sijui mangapi, na maumivu yale yote aliyajua kwa kuyatazama tu.

"Tulipokimbia kwetu nilikuwa naumwa jino," Nahimana akasema. "Mama alifia njiani. Nilimfukia kwa mikono yangu na huku taya linanipiga kama ngoma. Sikumlilia mama. Nililia jino. Mpaka leo sijamlilia vizuri." Akalishika jembe. "Huyu akija akakimbia siku moja, akimbie na meno mazima. Rangi atajua mwenyewe."

Ungemjibu nini mtu kama huyo? Nanyaro alikuwa na majibu ya kitabu, nayo yalikuwa sahihi kabisa, na hakuna hata moja lililofaa kutamkwa pale shambani. Aliinuka akapangusa majani kwenye sketi yake. Alichukia magadi, akamchukia Kazimili, akajichukia yeye na ile konzi yake ya mahindi, na zaidi ya vyote aliichukia haki iliyokuwa upande wa Nahimana, kwa sababu ilikuwa haki nusu na nusu hiyo ilimtosha.

Hata mwaka haukuisha, fedha za mradi zikakatika. Kiti cha kukunja kikapakiwa, koleo zikapakiwa, na Nanyaro akaajiriwa na serikali upande wa Biharamulo, akawa anazunguka shule za huko na Nemba kuwafundisha watoto kupiga mswaki. Sasa alifundisha kwa picha na kwa kuchora ubaoni, akiwapa mgongo. Alikuwa akituma dawa ya mswaki Nyakisasa kila alipopata mtu wa kumpa, na kila mara alipata salamu za shukrani, na hakuna siku salamu hizo zilitaja magadi.

Alirudi Nyakisasa miaka kadhaa baadaye, Bibi Eustakia alipofariki. Bibi aliteleza akichota maji, nyonga ikavunjika, akalala miezi asiinuke tena. Yeye aliyekuwa ametia magadi kwenye kila chungu ili mifupa yake iwe chuma. Nanyaro alimlilia kama mtoto wake. Wakati wa kuanua matanga, Telesfori alimkaribisha akae ndani na watu wa nyumbani, na Nahimana, ambaye sasa alikuwa amenenepa kidogo na pengo lake la mbele lile lile, alimkumbatia wakakaa pamoja mkekani.

Ndipo Irakoze alipoingia na sinia la chai. Alikuwa amerefuka, ana shingo ya mama yake na macho ya bibi yake, yale ya utundu. Akapiga goti, akasema shikamoo shangazi. Aliisema mkono mmoja umeshika sinia na mwingine umeziba mdomo.

Nanyaro akasahau hata kuitikia. Alijua kabla ya kuona. Akalipokea sinia, akaliweka chini, akamvuta mtoto karibu.

"Toa mkono, mwanangu, nione."

Irakoze akatikisa kichwa. Mama yake akamhimiza kwa sauti ya furaha kabisa, ya mtu aliyesubiri siku hii kwa miaka, kwamba mwoneshe shangazi, yametoka kama yake. Mtoto akazidi kutikisa kichwa. Akamkazia Nanyaro macho.

"Wewe kwanza, shangazi."

Hapo ndipo Nanyaro alipogundua kwamba naye alikuwa amejiziba mdomo. Akaushusha mkono. Irakoze akamtazama kwa makini, jino kwa jino, kama anayetazama kitu alichokuwa akisimuliwa tu. Aliporidhika akaushusha na wake. Meno mapya ya mbele, mapana, ya mtoto aliyeanza shule juzi juzi, yalikuwa na michirizi ya kahawia toka juu mpaka chini, na moja lilikuwa na doa la kutu katikati.

Nanyaro akatoa tochi mkobani. Alitafuta tundu. Alipekua mdomo ule kona kwa kona, nyuma na mbele, na Mungu amsamehe, alikuwa akiomba alipate, hata dogo, hata la kuanza, ili amgeukie Nahimana na kumwambia unaona? Hakuna. Lilikuwa jino zima baada ya jino zima. Akamwambia atembee mpaka mlangoni na kurudi. Miguu ilikuwa imenyooka, Mungu asifiwe, mizuri kabisa.

"Ile ya miguu niliisikia," Nahimana akasema taratibu. "Nilipunguza, nikawa natia kidogo tu. Ya meno ndiyo niliyoiacha iwe." Akamtazama binti yake, uso unamng'aa. "Hajawahi kuumwa hata siku moja, dada. Ulimwahidi, na umetimiza."

Nanyaro akafungua kinywa. Miaka yote alikuwa ameyapanga maneno ya kumwambia mwanamke huyu, makali, yenye vitabu ndani yake, na sasa yalikuwa yote yamefika mdomoni yanasukumana. Lakini Irakoze alimvuta mkono wa gauni, akamsogelea sikioni.

"Shangazi, haya yanafutika?"

Nanyaro akamshika kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga wa mlango. Hapo akaziona fizi. Zilikuwa nyekundu, zimechubuka ukingoni, na katikati ya meno mawili ya mbele kulikuwa kumenasa kitu kidogo kinachometa. Alihitaji kukitazama mara moja tu.

"Hayafutiki, mwanangu," akasema. "Acha mchanga."

"Mchanga gani?" Nahimana akauliza.

Irakoze aliurudisha mkono mdomoni, akainua sinia kwa mkono uliobaki, akaenda kuwagawia wageni chai.